Meno, Selimundu na Swali la Aristotle

Katika kitabu cha pili cha Fizikia yake, Aristotle anachukua jambo ambalo kila mtu anaweza kulihakikisha kwa ulimi wake mwenyewe: meno ya mbele ni makali, yanafaa kukata; magego ni mapana, yanafaa kusaga. Je, yameota hivyo ili tuweze kula, au yaliota tu, na kula kukawezekana? Anaanza na hoja ya wapinzani wake, na anaieleza kwa haki. Mvua, wanasema, hainyeshi ili nafaka istawi. Mvuke hupanda, hupoa, huwa maji, huanguka. Nafaka ikistawi, imestawi. Na ikiozea uwanjani wakati wa kupura, hakuna anayesema kwamba mvua ilinyesha ili iiozeshe. Kwa nini basi tusiseme hivyohivyo juu ya meno? Nyuma ya hoja hii yuko Empedocles wa Akragas, kisiwani Sicily, mtu wa karne ya 5 KK, aliyefundisha kwamba zamani viungo vilizagaa peke yavyo, vichwa bila shingo na mikono bila mabega, vikaungana ovyo hata wakatokea ng'ombe wenye nyuso za watu. Walioungana vizuri wakaishi. Waliobaki wakafa.

Jibu la Aristotle ni fupi. Mambo ya bahati hutokea mara mojamoja, kama kumkuta mdeni wako sokoni ulikokwenda kwa shughuli nyingine. Meno hayaoti hivyo mara mojamoja; yanaota hivyo kwa karibu kila mtoto, kizazi baada ya kizazi. Kinachotokea daima au mara nyingi hakiwezi kuwa cha bahati, na kisichokuwa cha bahati lazima kiwe na lengo. Basi meno yapo kwa ajili ya kula. Ukiukubali msingi wa hoja hii huna pa kutokea, na msingi wenyewe umejificha katikati, mahali ambapo msomaji hupita haraka: kwamba njia ni mbili tu, bahati au lengo. Ninachotetea hapa ni kwamba falsafa ya maumbile, tangu wakati huo hadi kitabu cha Charles Darwin cha 1859 juu ya asili ya spishi, ilikaa ndani ya msingi huo, pamoja na wengi waliodhani wanampinga Aristotle. Kwamba baiolojia ya mageuko iliubomoa msingi bila kulifuta swali. Na kwamba kilichobaki baada ya hapo ni kigumu kumeza kuliko wanavyokiri mashabiki wa Darwin na wapinzani wake.

Kwanza tumpe Aristotle haki yake. Hakuwa mtu wa kukaa kivulini na kubuni. Katikati ya karne ya 4 KK aliishi kisiwani Lesbos, na maandishi yake juu ya wanyama, karibu aina 500, yamejaa samaki na pweza wa ghuba ya Pyrrha. Anaeleza, kwa mfano, aina ya papa mdogo ambaye watoto wake hukua tumboni mwa mama wakiwa wameshikizwa kwenye mji wa mimba kwa kitovu, kama wanyama wanaonyonyesha. Wataalamu wa baadaye hawakumsadiki, mpaka Johannes Müller wa Berlin alipompasua papa huyo na kuthibitisha habari hiyo mwaka 1842. Aristotle alivunja pia mayai ya kuku yaliyokuwa yakiatamiwa, akaona baada ya siku tatu moyo ukitokea kama kitone cha damu. Mtu aliyeyatazama hayo hakuweza kuridhika na simulizi ya viungo vilivyozagaa. Empedocles hakuwa na lolote la kueleza kwa nini ng'ombe huzaa ng'ombe. Mchujo wake ulifanyika mara moja hapo kale, ukaisha. Baada ya hapo kufanana kwa watoto na wazazi kulibaki fumbo. Kwa ushahidi uliokuwapo, Aristotle alikuwa sahihi kumkataa, na naona si haki kumlaumu kwa kutoikubali nadharia ambayo bado haikuwa nadharia.

Kichekesho ni kwamba Darwin mwenyewe alikielewa kifungu hicho kinyume. Katika muhtasari wa historia aliouweka mwanzoni mwa kitabu chake juu ya asili ya spishi, toleo la 4 la mwaka 1866, kuna tanbihi inayomtaja Aristotle kama mtu aliyeiona kwa mbali kanuni ya uteuzi asilia. Maneno aliyoyategemea, ambayo alipelekewa na msomaji mmoja, ni yale ambayo Aristotle aliyaandika kwa nia ya kuyakanusha. Kosa la namna hii halijafa. Leo utaambiwa kwamba al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu mwaka 868, alimtangulia Darwin kwa miaka elfu moja. Al-Jahiz ni mwandishi mtamu, na sisi wa pwani hii tuna sababu ya ziada ya kumsoma, kwa kuwa aliandika risala nzima ya kuwatetea watu weusi, Wazanji wakiwamo. Lakini kitabu chake kikubwa juu ya wanyama kinawatazama wanaolana na wanaoliwa ili kuonyesha hekima ya Muumba katika kila mmoja wao. Kumfanya Darwin wa Basra ni kumnyang'anya hoja yake na kumvisha ya mwingine. Darwin, kwa upande wake, alikuja kumsoma Aristotle kwa makini akiwa amechelewa mno: Februari 1882, miezi miwili kabla ya kufa, alipelekewa tafsiri ya kitabu cha Aristotle juu ya viungo vya wanyama na mfasiri wake, daktari William Ogle, akajibu kwamba wataalamu wa viumbe Linnaeus na Cuvier, aliowaona kama miungu yake, walikuwa watoto wa shule tu mbele ya mzee huyo.

Basi njia ya tatu, ile ya uteuzi asilia, isiyo bahati wala lengo, ni ipi? Viumbe wa aina moja hutofautiana kidogo, na tofauti hizo hazitokei kwa sababu zinahitajika. Watoto hurithi kwa wazazi. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi hadi kuzaa, jambo ambalo Darwin alilipata kwa mwanauchumi Malthus mwaka 1838. Basi tofauti inayomsaidia mwenye nayo, hata kwa kiasi kidogo, huzidi kuenea, na juu yake huongezwa nyingine, na nyingine. Anayepinga kwamba bahati haiwezi kujenga jicho anasema kweli, ila hasemi juu ya nadharia hii. Mtu anayerusha kete kumi akingoja zote zionyeshe sita kwa mpigo mmoja ana nafasi moja katika milioni 60 na zaidi. Anayeruhusiwa kuziacha mezani zilizokwisha kuonyesha sita, akarusha zilizobaki tu, atamaliza kabla chai haijapoa. Mfano huu una kasoro, kwa kuwa mrushaji anaijua sita anayoitaka na maumbile hayana yanachokitaka, lakini unaonyesha pale Empedocles alipopungukiwa: hakuwa na meza ya kuwekea kete. Mwanafalsafa David Hume, ambaye majadiliano yake juu ya dini ya asili yalichapishwa 1779 baada ya kifo chake, alilirudisha wazo la zamani la mata inayojipanga kwa bahati, lakini akamfanya msemaji wake mwenye mashaka akiri kwamba lina upungufu. Mwanafalsafa mwingine, Kant, aliandika 1790 kwamba ni upuuzi kutumaini atakuja Newton wa kueleza unyasi mmoja kwa sheria zisizo na nia nyuma yake. Hawa wawili walitofautiana karibu katika kila kitu, na bado wote waliziona njia mbili tu. Hume aliziona zote mbili mbovu, akanyamaza kwa heshima. Kant akasema lengo ni namna yetu ya kutazama ambayo hatuwezi kuiepuka.

Hapa wapo wanaodhani kwamba njia ya tatu ilipopatikana, Aristotle aliondoka jukwaani. Mimi naona vingine. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mkristo wa dhati, aliandika mwaka 1874 kwamba Darwin ameirudishia elimu ya viumbe lugha ya malengo, na Darwin akamjibu kwamba sifa hiyo imemfurahisha kuliko nyingine. Na kweli, hakuna mwanabiolojia anayeweza kufanya kazi siku moja bila kuuliza kitu fulani ni cha nini. Moyo ni wa kusukuma damu. Sauti yake ya kudunda si ya kitu chochote, ingawa daktari huitumia. Tofauti hiyo Aristotle angeitambua mara moja. Kilichogeuka ni mahali sababu inapokaa. Kwa Aristotle lengo liko mbele, ni ukamilifu ambao kiumbe anauelekea kama mbegu inavyouelekea mti. Baada ya Darwin sababu iko nyuma: moyo upo kwa kuwa mioyo ya mababu ilisukuma damu, na kwa kusukuma huko wakaishi, wakazaa wenye mioyo. Mwanafalsafa Larry Wright alilieleza hili waziwazi mwaka 1973: kusema kitu fulani kina kazi ni kusema kwamba kipo kwa sababu ya kile kinachofanya. Ni historia iliyofupishwa. Hata unaposema magego ni ya kusaga, umesimulia, kwa maneno machache, vifo vingi vya kale.

Tofauti kati ya mbele na nyuma inaonekana ndogo mpaka ukutane na mfano unaouma. Ugonjwa wa selimundu husababishwa na badiliko dogo katika jeni moja. Vernon Ingram alionyesha mwaka 1957 kwamba himoglobini ya mgonjwa hutofautiana na ya kawaida kwa kijenzi kimoja tu cha protini. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hushikamana kuwa vijiti, chembe nyekundu ya damu hupinda ikawa kama mundu, na chembe hizo huziba mishipa midogo. Kwa mtoto mdogo ugonjwa mara nyingi huanza kwa vidole kuvimba. Baadaye ni maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, kiharusi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuja mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukielekea Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Aliona kwamba karibu na pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye nakala moja ya jeni hii walizidi mmoja katika kila watano. Nyanda za juu na penye ukame hawakufika mmoja katika mia. Ramani hiyo ilikuwa ramani ya mbu wa malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja humkinga mtoto dhidi ya malaria, na utafiti wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba hupunguza malaria kali kwa kiasi cha asilimia 90. Nakala mbili ndizo zinazoleta ugonjwa.

Basi hesabu iko hivi. Mume na mke wenye nakala mojamoja, wote wazima wa afya, wanapopata mimba, kuna nafasi ya nusu kwamba mtoto atakuwa na kinga kama wao, robo kwamba hatakuwa na nakala yoyote na malaria itamkuta wazi, na robo kwamba atakuwa mgonjwa wa selimundu. Kwa maelfu ya miaka jeni hii imetunzwa na uteuzi ule uleule uliotupa magego. Ni ya nini? Swali la Aristotle lina jibu safi: ni ya kukinga malaria. Lakini jibu hilo linaivunja dhana yake kwamba kiungo cha mnyama kipo kwa faida ya mnyama mwenyewe, maana faida anaipata mtoto mmoja na gharama anailipa ndugu yake. Linamvunja pia William Paley, kasisi ambaye kitabu chake cha 1802 Darwin alikisoma akiwa kijana huko Cambridge, na ambaye alidai kwamba uchungu katika maumbile hauwi kusudi la kifaa chochote: jino linaweza kuuma, lakini halikubuniwa liume. Mtetezi wa Paley atasema kwamba selimundu nayo ni uchungu wa pembeni. Sawa, ila pembeni hiyo haitenganishwi na katikati. Huwezi kuieneza jeni katika jamii ikinge wengi bila nakala mbili kukutana katika baadhi yao. Na mzigo ukihama, sababu haihami nao. Wazao wa Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu kwenda Marekani waliichukua jeni hii mwilini. Malaria ilitokomezwa kule kufikia mwaka 1951, nayo jeni ingalipo, kinga isiyo na adui. Lengo lililo mbele lingekwisha. Sababu iliyo nyuma haiwezi kwisha, kwa kuwa imekwisha kutokea.

Msomaji mwenye imani anaweza kusema kwamba hoja nzima imeelekezwa kwake. Thomas Aquinas alihoji kwamba vitu visivyo na akili vinapofikia lengo kwa kawaida, kama mshale unavyofika shabahani, lazima yupo mpigaji. Ibn Rushd wa Cordoba, karibu karne moja kabla yake, alikuwa ameiweka hoja ya inaya, yaani jinsi vitu vilivyotengenezwa kumfaa mwanadamu, miongoni mwa dalili kuu mbili za kuwapo kwa Mungu. Zote mbili zinapita katika mlango uleule wa Fizikia: si bahati, kwa hiyo ni kusudi. Mlango huo naona umefungwa. Lakini dini haikuwa na mlango mmoja. Al-Ghazali, katika kitabu chake cha 1095 dhidi ya wanafalsafa, alikataa hata kwamba moto lazima uunguze pamba. Kwake Mungu ndiye aunguzaye, na desturi ya maumbile ni desturi Yake tu. Mtu wa fikra hiyo hakuwa akilitegemea umbo la jino kumjua Mola wake, na uteuzi asilia haumpokonyi kitu alichokuwa nacho. Gray alijaribu njia nyingine, akapendekeza kwamba Mungu anaziongoza zile tofauti ndogondogo. Darwin akamjibu 1868 kwamba mawe yaliyoporomoka kutoka jabalini hayakupata maumbo yao kwa ajili ya nyumba ambayo mjenzi alikuja kuyachagua. Ninachokiona kimepotea ni kidogo na kizito kwa pamoja: ile haki ya kumtazama mtu mwilini na kusema ninaijua nia iliyomfanya awe hivi. Si hasara kwa mama mwenye mtoto wa selimundu, anayeambiwa na majirani kwamba amelogwa, au kwamba analipa deni la ukoo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwingine. Ikiwa akili yetu nayo ni zao la mchujo uliojali kuishi na kuzaa tu, kwa nini tuiamini inapotuambia habari za mchujo? Darwin aliliona hili. Mwaka 1881 alimwandikia William Graham kwamba humjia shaka ya kutisha kama imani za akili iliyotokana na wanyama wa chini zina thamani yoyote, maana nani angeziamini imani za nyani? Mwanafalsafa Alvin Plantinga ameifanya shaka hiyo kuwa hoja kamili tangu miaka ya 1990. Jibu langu ni kwamba shaka hii ina nguvu mahali na mahali. Mnyama anayekosea umbali wa tawi huanguka, kwa hiyo macho na mikono vimefunzwa na ukweli. Kuhusu asili ya ulimwengu hakuna aliyeanguka kwa kukosea, na huko silika zetu hazijawahi kusahihishwa. Mwanasaikolojia Deborah Kelemen alionyesha 1999 kwamba watoto wa Kimarekani hupendelea kusema mawe yana ncha ili wanyama wasiyakalie au wapate kujikunia. Ile orodha ya njia mbili, bahati au kusudi, inaelekea kuwa mojawapo ya silika hizo, faida kwa kiumbe aliyelazimika kuhisi haraka kama kuna mtu nyuma ya kichaka. Tumeweza kutoka humo, polepole, kwa miaka elfu mbili na zaidi, kwa kupasua papa, kuhesabu damu na kubishana hadharani, vitu ambavyo havimtegemei mtu mmoja aone vizuri. Shaka ya Darwin inampiga zaidi mwanafalsafa anayeitegemea silika yake peke yake kuliko mtu aliyeketi mbele ya darubini.

Linabaki swali ambalo historia iliyofupishwa haiwezi kulijibu. Kwa kipimo cha Wright, nakala moja ya jeni ya selimundu ina kazi halali kama moyo. Basi ugonjwa ni nini? Aristotle angesema kwamba mgonjwa amepungukiwa na ukamilifu wa aina yake, lakini uteuzi asilia haujui ukamilifu wa aina. Unajua idadi ya wazao. Tunapomwita mtoto huyu mgonjwa tunatumia kipimo kilichotoka kwake, kwa maumivu yake, na hakuna jeni iliyotupa kipimo hicho. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayohariri jeni za mgonjwa, kwa gharama ambayo hospitali zetu nyingi haziwezi kuimudu. Huku kwetu kilicho karibu ni kipimo cha damu kabla ya ndoa. Wachumba wawili wanaopokea majibu na kukuta kila mmoja ana nakala moja wamepewa ile robo, na sababu yake ya kale, na hapo baiolojia imefika mwisho wa inachokijua. Kama waoane, kama wazae, kama robo hiyo ni kubwa au ndogo, wataamua kwa mambo wanayoyathamini, na watabishana na wazazi, na shehe au padri wao, na daktari, kila mmoja akiwa na falsafa yake juu ya nini kinachofanya maisha ya mtoto yafae kuishi.